Jumba la Kihistoria, Pamoja na Shangazi

Sisi madalali tuna lugha yetu. Ukisoma kwenye tangazo letu kwamba nyumba iko mahali tulivu, jua hakuna barabara. Ukisoma kwamba inapata hewa safi, madirisha hayana vioo. Na ukikuta tumeandika "jumba la kihistoria lenye viwanja vyake, lina nafasi kubwa ya kukarabatiwa," basi tafadhali vaa kofia ngumu kabla ya kuingia. Maneno hayo niliyaandika mimi mwenyewe, kuhusu nyumba aliyoijenga baba wa babu yangu, na usingizi niliupata kama kawaida.

Jumba lenyewe liko nje ya mji, mwisho wa njia ya vumbi yenye mikaratusi pande zote mbili. Ukilitazama kutoka mbali, utasema huyu aliyejenga alikuwa mtu. Ukilikaribia unaanza kumwonea huruma. Lina ghorofa, lina roshani iliyoinama upande mmoja, lina vyumba kumi na kimoja na ngazi ya mbao inayolalamika kila ukiikanyaga. Mbele ya nyumba kuna bwawa la mapambo lililokuwa likirusha maji juu enzi hizo. Sasa linalea vyura. Nyuma kuna uwanja wa tenisi ambao mimi nimekuta wachezaji wake ni mbuzi wa jirani. Darini wanaishi popo, na hao ndio wenye nyumba hasa, kwa sababu ndio pekee ambao hawajawahi kuhama.

Ukoo wetu unalipenda jumba hili kupita kiasi, hasa wale wanaoishi mbali nalo. Tuna kundi la simu linaloitwa Urithi Wetu. Humo binamu mmoja mhandisi hutuma michoro yenye bwawa la kuogelea na watu weupe kama karatasi wakinywa kitu kwa mrija. Mwingine anataka pawe zahanati. Mwingine, ambaye hajawahi kuongoza hata foleni, anataka pawe chuo cha uongozi. Kila mwisho wa mwaka wanapongezana kwa mawazo mazuri. Hata mfuko mmoja wa saruji haujawahi kufika.

Aliyekuwa akiishi humo ni mtu mmoja tu, Shangazi.

Shangazi ni dada mdogo wa marehemu baba yangu. Zamani alikuwa na kazi yake mjini, alikuwa opereta wa simu, yule unayempigia akakuunganisha na mtu mwingine. Alikuwa na chumba chake, viatu vyake virefu na marafiki wasiojua kukaa nyumbani Jumamosi. Kisha Bibi akaugua, watoto wake wakakutana, wakaamua Shangazi aje amwangalie kwa wiki mbili, kwa kuwa hakuwa na mume wala mtoto, na katika ukoo wetu mtu wa namna hiyo huhesabiwa kuwa yuko likizo. Bibi aliugua miaka minne. Alipozikwa, kila mtu akafunga virago akarudi kwake, na mtu mmoja, hakuna anayekumbuka nani, akasema kwenye lango, "Afadhali dada yupo, nyumba haitabaki peke yake." Tangu siku ile alipokuja na begi lake hadi siku aliyonipigia simu, ilikuwa miaka kumi na tisa.

"Wewe si unauza nyumba?" akaniuliza.

"Nauza, Shangazi."

"Uza hii."

Nikadhani anatania. Shangazi ana utani mkavu. Lakini akaniambia kwamba rafiki yake mmoja, fundi cherehani, ana vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya kibanda chake, kando ya barabara kubwa, ukivuka tu uko sokoni. Alikuwa anamshikia hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo angempa mtu mwingine.

"Kuna kelele hapo, mwanangu, hata huwezi kusikia unachofikiri," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia utamu. "Nataka nikifungua mlango nione watu. Goti langu limechoka na ngazi na mimi nimechoka kuamkiana na popo."

"Kwa nini usihame tu?"

"Nilihama mara moja. Mwaka ule wa mvua kubwa. Ndugu walikuja na magari matatu, wakalia, wakanirudisha kwa heshima zote. Eti nyumba itaibiwa. Nyumba ikishauzwa, watanirudisha wapi?"

Hapo nikaelewa, na nikaingia kazini.

Kupata ridhaa ya ukoo hakukuwa kugumu, kwa sababu kila mmoja aliamini kimoyomoyo kwamba jumba lina thamani kubwa mno kiasi kwamba hakuna binadamu atakayeweza kulinunua. Waliridhia kama unavyomruhusu mtoto aende mwezini. Aliyeweka sharti ni Baba Mkubwa peke yake. Huyu ndiye mkubwa wao, mwalimu mkuu mstaafu, na hati za nyumba anazo yeye. Akasema ataweka saini, lakini wanunuzi watazungushwa na yeye mwenyewe.

"Wewe utawaonyesha kuta," akaniambia. "Nani atawaonyesha historia?"

Nikakubali. Ningejua, ningemfungia chumbani.

Wa kwanza kuja walikuwa vijana wawili, mtu na mkewe, wameoana juzi, mke ana mimba changa, wamechoka na kelele za mjini. Nyuso zao zilikuwa zimeshaanza kupanga makochi. Baba Mkubwa aliwapokea mlangoni kwa suti nyeusi na fimbo asiyoihitaji.

"Karibuni sana," akasema. "Hii ndiyo sebule. Hapa, kwenye kona hii, ndipo alipokata roho marehemu babu yangu, mjenzi wa nyumba, akiwa amekaa kitini, kikombe mkononi. Chai haikumwagika hata tone."

"Poleni," akasema yule kijana.

"Tumeshapoa. Twendeni chumba cha kulia. Humu alianguka mke wake wa pili."

Nilikohoa. Nilimkanyaga mguu. Baba Mkubwa aliusogeza mguu wake na kuendelea. Tukapanda ghorofani, kwenye chumba kizuri kuliko vyote, chenye madirisha yanayotazama mikaratusi, ambacho mimi nilikuwa nimekiwekea akiba ili kiwamalize kabisa. Akasimama katikati, akainua fimbo.

"Humu," akasema kwa fahari, "wamefariki watatu."

Yule mke kijana alikuwa ameegemea ukuta. Akautoa mkono wake ukutani polepole, akaufuta kwenye gauni. Baada ya dakika chache vumbi la gari lao lilikuwa limeshafika lami.

Nataka mnielewe, Baba Mkubwa hakuwa akifanya hila. Hilo ndilo lililoniua. Alikuwa anaamini kabisa kwamba anawashawishi. Sisi sote tulilelewa hivyo. Siku ya kwanza ya likizo tulipokuja kwa Bibi, mtoto hakupewa chakula cha mchana mpaka azunguke vyumba vyote na kutaja aliyefia wapi, na ukikosea unarudi kuanzia sebuleni. Mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakutajia bila kukwama. Familia nyingine huwafundisha watoto nyimbo. Kwetu, chumba ambacho hakijafiwa na mtu kilikuwa kama mtu asiye na shahada, kinatazamwa kwa masikitiko.

"Baba Mkubwa," nikamwambia siku ile, huku nikijikaza nisipige kelele, "wale watu wanatafuta pa kulala, hawatafuti pa kufia."

"Mtu ananunua nyumba ya kihistoria hataki historia?"

"Waambie kuhusu vyumba. Mwanga. Mabomba."

"Mabomba hayatoi maji."

"Basi waambie yapo!"

Akanitazama kama anavyowatazama watu waliofeli. Lakini nilimbana, na mwishoni akaniahidi kwamba mgeni anayefuata hatasikia habari ya kifo kutoka kinywani mwake.

Mgeni aliyefuata alikuwa bwana mmoja mwenye tumbo na fedha, anataka kufungua shule ya bweni. Na Baba Mkubwa, nimpe haki yake, alitimiza ahadi. Alichofanya ni kwamba kila alipoingia chumbani alivua kofia, akainamisha kichwa, akashusha pumzi ndefu, kisha akavaa kofia na kutoka. Chumba cha kwanza yule bwana alivumilia. Cha pili akaanza kutazama dari. Cha tano akashindwa.

"Mzee, kwani humu kuna nini?"

"Nimekatazwa kusema," akajibu Baba Mkubwa.

Nilijaribu kuokoa jahazi. Nikamwelekeza yule bwana kwenye chumba cha wageni, nikamwambia Baba Mkubwa amsimulie habari za Gavana, maana hiyo ni historia isiyo na maiti. Uso ukamchangamka. Akasimulia jinsi Gavana wa enzi zile alivyopita na msafara wake, akavutiwa na uzuri wa nyumba, akalala kwenye chumba hiki hiki.

Shangazi alikuwa anapita na ufagio.

"Hakulala," akasema. "Alikula kitu kibovu njiani. Alikesha chooni, na choo hakijapona mpaka leo."

Yule bwana alicheka, akatuaga vizuri sana, na hakupokea tena simu zangu.

Jioni hiyo nilimkuta Shangazi ameketi kwenye ngazi za nyuma, mguu wenye goti bovu ameunyoosha. Nikamlaumu kwa habari ya choo. Akasema samahani, ulimi ulimponyoka. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja na kumsikiliza, sasa akiona masikio anashindwa kujizuia. Fundi cherehani alikuwa ameshamtumia ujumbe kwamba kuna watu wawili wanavitaka vile vyumba. Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache. Kupitia mlango wa jikoni niliona begi lake limesimama tayari, limefungwa na mkanda wa gauni kwa sababu zipu ilikuwa imekufa.

"Likikwama safari hii," akasema, "sitajaribu tena. Nitakaa tu mpaka na mimi nipate chumba cha kutajwa kwamba nilifia humo."

Sijui kama alitaka nicheke. Nilishindwa. Nilirudi mjini nikiwa na hasira na ukoo mzima, kuanzia aliyejenga, na nikapiga simu kwa kila mtu niliyewahi kumuuzia hata banda la kuku.

Ndivyo nilivyompata mama wa hoteli. Huyu alikuwa na nyumba za wageni katika miji kadhaa, mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na mazoea ya kugonga kuta kwa kidole huku akisikiliza. Nilipofika naye, Baba Mkubwa alikuwa ameshajipanga mlangoni na suti yake. Nilimvuta pembeni, nikamwambia, sema lolote, nimechoka. Nilikuwa nimekata tamaa kweli.

Akaanza na babu na kikombe chake.

"Hapa hasa?" mama wa hoteli akauliza, akavaa miwani. "Na kiti kipo?"

Baba Mkubwa alisita. Katika maisha yake yote hakuna mgeni aliyewahi kuuliza swali.

"Kipo darini."

"Kishushwe. Endelea, mzee."

Mnajua mtu aliyenyimwa maji akifikishwa mtoni? Baba Mkubwa alivimba, akanyooka, sauti ikawa ya gwaride. Alisimulia kila chumba. Mama wa hoteli aliitikia kwa kichwa, akauliza mwaka, akauliza marehemu alikuwa amevaa nini. "Wageni wa siku hizi wamechoka na vitanda," akanieleza. "Kitanda kila mtu anacho. Wanataka kulala mahali palipotokea kitu." Basi Baba Mkubwa, kwa kuona soko, akaanza kutia chumvi. Chumba cha kuhifadhia mashuka kikapata bibi harusi aliyekufa kwa huzuni. Bafuni akazama mjomba.

"Mjomba gani?" Shangazi akauliza kutoka kwenye korido. "Mjomba alifia hospitali, tena kwa uzee."

"Mdogo wangu, tafadhali lete chai," akasema Baba Mkubwa.

Shangazi akaleta chai. Hapo ndipo mama wa hoteli alipomwona vizuri. Alimtazama anavyoweka sinia, anavyofuta meza kwa kiganja kabla ya kuweka kikombe, anavyosimama mkono mmoja kiunoni kulipumzisha goti. Alimtazama kama alivyokuwa akizitazama kuta.

"Na huyu mama?"

"Huyo?" akasema Baba Mkubwa, akacheka kwa ukarimu. "Huyo anakuja na nyumba."

Mama wa hoteli hakucheka. Akaweka kikombe chini, akasema anainunua. Bei haibishii. Ila ana sharti, na sharti lake ndilo hilo hilo alilosema mzee: huyu mama abaki. Nyumba kama hii ikiwa na wafanyakazi wa kuajiriwa tu inakuwa haina roho. Wageni wanataka kumkuta mtu wa nyumba, damu yenyewe, anawafungulia mlango, anawamiminia chai, anawaambia mambo mawili matatu. Atapata mshahara, atapata aproni nyeupe ya kizamani, atabaki na chumba chake hicho hicho cha karibu na jikoni. Asipobaki, itabidi yeye mnunuzi afikirie upya.

Baba Mkubwa alishika simu kabla sentensi haijaisha. Kundi la Urithi Wetu likalipuka. Vijipicha vya mikono inayopiga makofi, vya vikombe vya ushindi, binamu mhandisi akaandika kwamba hili ndilo suluhisho alilokuwa akilifikiria siku zote. Nyumba inauzwa na bado inabaki, kwa sababu Shangazi yumo. Mwenye chuo cha uongozi akaandika, "Hongera Shangazi, umepata na ajira!"

Mimi nilikuwa nimekaa na kalamu mkononi. Nilikuwa na biashara kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya imelala mezani, na sikuandika hata herufi moja. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ameshikilia birika, na uso wake haukuwa na kitu chochote, ulikuwa kama simu iliyokatwa.

"Kuna chumba hamjakiona," akasema.

"Tumemaliza vyote," akasema Baba Mkubwa.

"Kimoja bado."

Akatuongoza kupitia jikoni hadi kwenye kile kilichokuwa stoo ya unga zamani. Alihamia humo tangu paa la ghorofani lilipoanza kuvuja na goti lilipoanza kukataa ngazi. Kitanda kimoja, redio, kioo kilichotundikwa kwenye msumari, dirisha dogo linalotazama pipa. Baba Mkubwa aliinama kuingia, akatazama huku na huku, na nikaona kwamba hajawahi kufika humo hata siku moja.

Shangazi akaweka birika sakafuni. Akasimama katikati, akakunja mikono nyuma kama Baba Mkubwa anavyofanya, akainua kidevu.

"Humu," akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, "ndimo alimofariki binti wa mwisho wa nyumba hii, akiwa na miaka arobaini na minane. Alikuwa na kazi mjini. Alikuwa na chumba chenye mlango wa buluu, na bwana mmoja mwenye pikipiki aliyemwambia, wiki mbili si nyingi, nitakusubiri. Alisubiri mwaka mzima, maskini, mtu mzuri. Marehemu hakuugua. Alifariki taratibu, akifagia. Hakuna aliyelia, kwa sababu chai ilikuwa bado inakuja kwa wakati."

Bomba la jikoni, ambalo halitoi maji, lilikoroma. Niliumia, naweza kusema hivyo tu. Niliumia na nikapandwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi maana kila niliyemfikiria alikuwa ndugu yangu.

"Mdogo wangu," Baba Mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "maneno gani hayo mbele ya mgeni?"

Lakini mgeni alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili, macho yanang'aa.

"Hiyo!" akasema mama wa hoteli. "Hiyo hasa! Mama, unaweza kuisema hivyo hivyo, bila kuongeza neno, kila Jumamosi?"

Shangazi alimtazama. Halafu akaanza kucheka. Kwanza mabega, kisha tumbo, kisha ikabidi akae kitandani ashike goti. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nikiwa mdogo, na mimi nikacheka huku nikitokwa na machozi, na hata mama wa hoteli akacheka kidogo kwa adabu, bila kujua tunacheka nini.

"Siwezi, mama," Shangazi akasema alipopata pumzi. "Hata Jumamosi moja."

"Nitaongeza mshahara."

"Hata ukiniandikia nyumba yote na vyura wake. Nahama. Nimeshapata vyumba, viko barabarani."

Mama wa hoteli akagonga ukuta wa stoo kwa kidole, akausikiliza.

"Haya," akasema. "Basi nitatafuta mwigizaji. Nyumba bado naitaka."

Hivyo tu. Huyu mama ningemfuata popote. Tukarudi sebuleni, mikono ikapeanwa, Baba Mkubwa akaandika tena kwenye simu, na mimi nikaanza kuvuta hewa. Nikaeleza taratibu zinazofuata: wakili, vipimo vya eneo, uhamisho wa hati. Miezi minne, mitano labda. Mama wa hoteli akaaga na kwenda kwenye gari lake.

"Sawasawa," akasema Baba Mkubwa, akijifuta jasho, mtu aliyeokoka. "Miezi mitano si mingi. Basi mpaka hapo, kwa kuwa nyumba haiwezi kukaa peke yake..."

Hakumaliza. Hakuona haja ya kumaliza. Alimgeukia tu Shangazi, kwa upole, kama mtu anavyougeukia mlango anaojua uko wapi.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno tayari, na mengine hayafai kuandikwa. Lakini Shangazi alikuwa ameshaufikia msumari wa mlangoni. Akatungua shada la funguo za nyumba, akauchukua mkono wa kaka yake, akaufungua kidole kimoja kimoja, akaliweka humo.

"Haiwezi," akasema. "Kweli kabisa."

"Mimi?" Baba Mkubwa akatoa macho. "Mimi nikae humu? Peke yangu? Mke wangu yuko nyumbani, nina shughuli zangu, nina watu wangu, siwezi kuacha maisha yangu nije nikae..."

Akasikia anachokisema. Nilimwona akikisikia. Yule mzee aliyejua mwaka wa kila kifo katika jumba lile akasimama na kutazama funguo mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Shangazi alimsubiri. Alimpa nafasi kabisa, hakumharakisha.

"Mdogo wangu," akasema mwishoni. "Wa jikoni ni upi?"

"Zijaribu tu, Kaka," akasema Shangazi. "Popo wanatoka saa moja. Watakuzoea."

Akaenda kuchukua begi lake. Baba Mkubwa akamfuata haraka, akalinyakua kutoka mkononi mwake, akalibeba mwenyewe kupita jikoni, kupita sebuleni, hadi kwenye gari langu. Aliliweka kwenye kiti cha nyuma kwa uangalifu mkubwa. Kisha akafunga mlango wa gari taratibu.

Njiani Shangazi alishusha kioo na kukaa hivyo, vumbi lote la mikaratusi likituingia puani, mpaka tulipofika lami.

Fundi cherehani alikuwa kwenye mashine yake kibarazani. Hakusimama, alisema tu, "Umechelewa, nilikuwa nataka kuvitoa," huku anakata uzi kwa meno, na nikaona macho yake yamejaa. Vyumba vilikuwa vidogo kuliko nilivyofikiria. Malori yalipita karibu kiasi kwamba vikombe vilitembea mezani. Mtu alikuwa anauza viatu vya mitumba kwa kipaza sauti, mwingine anamjibu matusi. Shangazi alitoa kiti nje, akakiweka mlangoni kabisa, akakaa kitako.

Simu yangu haikutulia. Kundi la Urithi Wetu lilikuwa limepata habari. Nani atafagia roshani? Nani atafungulia mafundi wa vipimo? Baba Mkubwa ana presha, atakaaje peke yake? Binamu mhandisi alipendekeza kikao. Mwenye chuo cha uongozi aliuliza kama Shangazi anaweza walau kuwa anapita Jumatatu na Alhamisi. Nilishuka kwenye ujumbe mpaka wa mwisho, nikapanda juu tena, nikitafuta mtu mmoja aliyeuliza amehamia wapi.

"Wanasemaje?" Shangazi akauliza, macho barabarani.

"Wanakusalimia."

"Wote?"

"Wote. Wanakutakia makazi mema."

Akageuka, akanitazama usoni, akatabasamu na kunipiga kofi dogo la goti.

"Ndiyo maana unauza nyumba," akasema. "Hebu sogea, mwanangu, unanikinga. Sioni watu."